Rivolva ya risasi nane kwa dola 1,300 na kuendelea: pesa inakwenda wapi hasa?

ShabahaHouston (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Swali hili kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Texas linarudi kila mara, na kila mara linafunikwa na matangazo ya misiba, harusi na michango kabla halijajibiwa. Nimeona nilifungulie uzi ili likae mahali pamoja.

Kijana wetu ana dola 1,400. Anataka rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ya kupiga risasi kali za .357 Magnum, ya kukaa nayo nyumbani na kwenda nayo uwanja wa shabaha wikiendi. Dukani ameonyeshwa mbili. Ya kwanza ni Smith & Wesson 627 ya Performance Center (kitengo chao cha bastola maalumu), risasi nane, inagonga kwenye 1,300 kabla ya kodi. Ya pili ni 686 Plus, risasi saba, chini kidogo ya 1,000. Muuzaji anamsukuma achukue ya nane. Kijana anauliza: yaani risasi moja ndiyo dola 300 na zaidi?

Jibu langu naliweka mapema. Risasi moja haina bei hiyo, na anayeinunua 627 kwa ajili ya ile risasi ya nane amepigwa. Pesa pale inakwenda kwenye triga, kwenye namna silinda ilivyokatwa, na kwenye aina fulani ya mashindano. Kama hayo matatu hayakuhusu, bakiza pesa yako.

Sasa nifafanue, maana watu wengi wanaongea habari ya "premium" bila kuifungua bastola ndani.

Hamu ya kujaza risasi nyingi kwenye silinda haikuanza leo. Rivolva ya LeMat, iliyotumika kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe hapa Marekani, ilibeba risasi tisa na mtutu wa pili chini yake wa kufyatua gololi kama shotigani. Ila ikawa nzito, na ufundi wake wa shida. Smith & Wesson walipoitoa .357 Magnum mwaka 1935, ilikuwa ya sita, na sita ikabaki kuwa ndiyo hesabu ya rivolva kwa zaidi ya miaka hamsini. Mabadiliko yalikuja miaka ya tisini: 686 Plus ya saba ilitoka 1996, na 627 ya nane ikaja miaka hiyo hiyo. Ruger wakaja na Redhawk ya risasi nane mwaka 2017, kisha Super GP100. Taurus nao wana ya nane, 608, ambayo bei yake iko chini sana ya Smith.

Angalieni ukubwa. 686 Plus inatumia fremu (kiunzi) ya kati, inayoitwa L. Silinda yake ina kipenyo cha kama milimita 40, na yenye mtutu wa inchi nne ina uzito wa kilo 1.1. 627 inakaa kwenye fremu kubwa ya N, ile ile inayobeba .44 Magnum, silinda yake ni kama milimita 43, na ya inchi tano inafika kilo 1.25. Ukisikia milimita tatu unaona ni kitu kidogo. Ivae kiunoni kutwa nzima ndipo utaijua hiyo tofauti.

Kuna jambo la ufundi ambalo muuzaji hakumwambia kijana. Silinda inafungwa mahali pake na kipingo kinachoingia kwenye vitobo vilivyochongwa kwa nje. Kwenye silinda ya sita au nane, chemba (tundu la risasi) ikiwa juu mbele ya nyundo, nyingine iko chini kabisa upande wa kipingo, kwa hiyo kitobo kinachongwa karibu sana na mgongo wa chemba, mahali ambapo chuma ni chembamba. Kwenye silinda ya saba, kule chini kunaangukia katikati ya chemba mbili, kwenye chuma kinene. Kwa mtu atakayepiga Magnum kamili miaka nenda rudi, hiyo ni hoja nzuri ya saba. Haina maana 627 ni dhaifu, fremu ya N ina chuma cha kutosha. Namaanisha tu kwamba kuongeza chemba kuna gharama yake upande mwingine.

Sasa triga, ambayo ndiyo roho ya habari yote hii. Triga ya rivolva ya kiwandani ukiivuta bila kukoki nyundo kwanza (kuivuta nyuma kwa kidole gumba) inataka nguvu ya kilo nne na nusu hadi tano na zaidi. Huo uzito wenyewe haunisumbui. Kinachoharibu shabaha ni uzito usio sawa: inaanza laini, katikati inakwaruza, mwishoni inajaa ghafla na mtutu unayumba. Kwenye bastola iliyopitiwa na mkono wa fundi, mvuto ni ule ule mwanzo hadi mwisho, nyundo inaanguka bila kukushtua, na kidole kinarudi mbele bila kukwama. Ukilipia 627 au kitu cha juu yake, hiki ndicho unachotakiwa kukikuta. Usipokikuta kwenye ile bastola uliyoishika, basi unalipia maandishi yaliyochorwa ubavuni.

Na hapo ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo: usinunue modeli, nunua ile bastola mahususi iliyo mkononi mwako. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuivuta tupu. Fungua silinda, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba hakuna risasi, elekeza mtutu mahali salama, kisha fanya hivi. Weka kidole gumba kwenye ubavu wa silinda, kiikandamize kidogo sana kama unaizuia isizunguke, halafu koki nyundo polepole mno. Sikiliza. Kipingo lazima kilie "tk" na silinda ifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa kila chemba, moja baada ya nyingine, zote nane au saba. Ukiona chemba moja inachelewa, nyundo imefika na silinda bado inacheza, rudisha hiyo bastola hata kama ni ya dola 5,000, kwa sababu risasi itaingia kwenye mtutu ikiwa upande na utakuwa unatemewa vipande vya risasi na chembe za moto pembeni.

Kisha angalia upenyo kati ya silinda na mtutu. Uelekeze kwenye mwanga. Ukiwa na fila geji, hii wanayotumia mafundi wa magari kurekebisha vali, hapo uko sawa zaidi: milimita 0.1 hadi 0.2 ni nzuri. Pima ukiwa umeisukuma silinda nyuma, pima tena ukiwa umeisukuma mbele. Kama inatembea mbele na nyuma waziwazi, si mpya hiyo, au haikufungwa vizuri.

Bajeti ya kijana naipanga hivi. 686 Plus kwa 950, kodi ya Houston ya asilimia 8.25 inaongeza kama 78. Kwa 627 ya 1,300, kodi peke yake ni dola 107. Tofauti yote inakaribia 380. Risasi za .38 Special, ambazo rivolva ya .357 inazikubali bila shida, zikiwa senti 45 kila moja, hiyo tofauti inanunua masanduku 16 ya risasi hamsini hamsini na chenji inabaki. Mtu anayeanza akipiga risasi 800 kwa utulivu, huku mtu anayejua anamwangalia, atakuwa mbali sana kuliko aliyenunua triga nzuri na sanduku moja la risasi. Na sefu lazima iwemo kwenye hesabu. Rivolva hizi hazina kitufe cha usalama cha kidole gumba, na sheria ya Texas inamtia hatiani aliyeacha bastola iliyojazwa mahali ambapo mtoto chini ya miaka 17 akaifikia. Wengi wetu nyumba zimejaa watoto, wa kwetu na wa ndugu.

Karibuni wakuu, hasa wenye nane mikononi.

---

Kisumu_Dallas

Mkuu, umeongea vizuri lakini upande wa mashindano umeupita haraka, na hapo ndipo bei ya 627 inapojitetea.

Mwaka 2014 USPSA, chama cha mashindano ya shabaha hapa Marekani, waliruhusu risasi nane kwenye daraja la rivolva, kwa hesabu ya kundi la nguvu ndogo (risasi zisizo kali sana). Kabla ya hapo wote tulikuwa na sita. Sasa kumbuka kanuni yao ya kupanga uwanja: kutoka sehemu moja unayosimama hutakiwi kudaiwa zaidi ya risasi nane. Ukiwa na nane unamaliza malengo yote ya pale, unajaza ukiwa unatembea kwenda sehemu inayofuata, kama mwenzako mwenye bastola ya magazini (kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini). Ukiwa na sita au saba, unasimama pale pale, unafungua silinda, unajaza, unamalizia risasi moja au mbili, unaondoka. Kwa siku nzima ya mashindano sekunde hizo zinakuzika. Kwa hiyo kwetu ile risasi ya nane ina bei, na sidhani kama dola 300 ni nyingi.

ICORE, chama cha wapenzi wa rivolva, nao wana daraja ambalo nane inatawala. Ila IDPA, chama kingine cha mashindano, usipoteze pesa, kule rivolva inajazwa sita hata kama silinda yako ina nafasi zaidi.

Jambo la pili ni klipu. Silinda ya 627 imechongwa nyuma ili ipokee klipu, kile kibati chembamba cha duara kinachoshika risasi zote nane kwa pamoja. Unaziangusha zote kwa mara moja, na maganda yanatoka yote kwa mara moja yakiwa yameshikana. 686 Plus ya kawaida haina huo mchongo, labda utafute toleo lililochongwa au umpelekee fundi. Jerry Miculek, yule bingwa, alifyatua risasi nane kwa sekunde moja mwaka 1999 akitumia Smith ya risasi nane. Sisi hatutafika huko, lakini inaonyesha bastola yenyewe si kikwazo.

Tahadhari kwa wanaoanza: klipu ikipinda kidogo tu, silinda inakwama au triga inakuwa nzito bila sababu. Mimi kabla ya mashindano kila klipu naiingiza kwenye silinda na kuizungusha kwa mkono. Inayokwaruza inakwenda kwenye takataka.

---

ShabahaHouston

@Kisumu_Dallas asante sana mkuu, hii ilikuwa imepungua. Hoja ya risasi nane kutoka sehemu moja ndiyo sababu ya kweli ya bastola hizi kuwepo kwa wingi. Kijana akisema anaingia USPSA, ninabadilisha ushauri wangu leo leo.

---

MzeeWaColumbus

Wanangu, hamjambo.

Mimi niko nchi hii tangu enzi polisi wa hapa Ohio wana rivolva kiunoni. Naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi. Anasema risasi ya ziada haina bei. Aprili 1986 kule Miami, maofisa wa FBI waliwafuata majambazi wawili, na wengi wa maofisa walikuwa na rivolva. Wawili wakauawa na watano wakajeruhiwa. Baada ya pale polisi wa nchi nzima walianza kukimbilia bastola za magazini. Ofisa mmoja alijeruhiwa mkono akiwa anajaribu kujaza rivolva yake. Kujaza silinda huku unapigwa risasi ni jambo zito sana. Kwa hiyo mtu akiniambia anaipenda rivolva na hataki bastola ya magazini, namwambia basi apate nyingi kadiri inavyowezekana tangu mwanzo, kwa sababu zile zilizo ndani ya silinda ndizo atakazokuwa nazo.

La pili, kitu kizuri hununuliwa mara moja. Smith wanamhudumia mnunuzi wa kwanza maisha yake yote, na rivolva bado wanazitengeneza Springfield, Massachusetts, hata baada ya makao makuu kuhamia Tennessee mwaka 2023. Bastola ya dola 1,300 ukiitunza, mwanao ataiuza kwa bei hiyo au zaidi.

---

ShabahaHouston

@MzeeWaColumbus shikamoo mzee wangu. Nimekusoma kwa makini.

Kuhusu Miami, nakubali kabisa kwamba kujaza rivolva kwenye mapambano ni mtihani. Lakini ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, mzee, haikufikishi kwenye 627. Inakufikisha kwenye bastola ya magazini kama Glock 17 yenye risasi 17, kwa chini ya nusu ya bei ya 627, na risasi za 9mm ni rahisi karibu mara mbili kuliko .38. Ndiko polisi wenyewe walikoishia. Anayechagua rivolva mwaka huu amekwishakubali kubeba chache, kwa sababu anapenda kitu kisichokuwa na magazini ya kukwama, au anapenda Magnum, au mkono wake haumudu kuvuta sladi (sehemu ya juu ya bastola ya magazini inayorudishwa nyuma). Akishakubali hivyo, kutoka saba kwenda nane hakuibadilishi hali yake kwa kiasi cha dola 380.

Kuhusu thamani kubaki, hapo nakuunga mkono. Rivolva nzuri haishuki ovyo.

---

DadaWaMinnesota

Kaka zangu mnaongelea bei na sheria za mashindano, naomba niwakumbushe kuhusu mkono.

Mimi vidole vyangu ni vifupi. Nilipoishika fremu ya N, ncha ya kidole ilifika kwenye triga kwa shida, na ili kiifikie vizuri ilibidi niuzungushe mkono wote upande wa kulia. Matokeo yake mtutu haukai kwenye mstari na mfupa wa mkono wangu, na kila risasi inasukumia kwenye kidole gumba. Unaweza kubadilisha mpini ukaweka mwembamba, na inasaidia, lakini umbali kutoka mgongo wa fremu hadi triga ni ule ule wa chuma.

Fremu ya L ilinikaa. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu risasi, mtu ashike bastola kwa mkono mmoja, mtutu ukiwa kwenye mstari ulionyooka na mkono wake hadi kiwiko, kisha aangalie katikati ya ncha ya kidole inaangukia wapi. Kama haifiki kwenye triga, mazungumzo yameisha, haijalishi ni ya dola ngapi. Madukani hapa wanaume wauzaji wanapenda kumpa mwanamke kibastola kidogo cha risasi tano cha kuingia mkobani, na hicho kinasukuma mkono vibaya kuliko vyote kwa sababu ni chepesi. Bastola nzito ya chuma yenye .38 ndani ni rafiki wa mkono. Waleteni wake zenu wazishike wenyewe, msiwachagulie.

Na mkipiga .38 nyingi, safisheni chemba. Ganda la .38 ni fupi kuliko la .357, linaacha ukoko wa mviringo mle ndani, halafu siku unataka kuingiza Magnum inagoma katikati. Brashi ya shaba na dawa, dakika chache tu.

---

ShabahaHouston

@DadaWaMinnesota dada, hili la umbali wa triga lilitakiwa liwe la kwanza kwenye uzi wangu. Nakuomba radhi kwa niaba ya wauzaji wote wa Marekani.

Naongezea kwenye usafi: chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje, punje za baruti zisizoungua hujibana pale. Punje chache tu zinatosha silinda isifunge au triga iwe nzito kama imekufa. Mswaki mkuukuu mfukoni, na unapotoa maganda elekeza mtutu juu ili uchafu uanguke na maganda. Kwenye silinda ya nane nafasi ni finyu zaidi, kwa hiyo ugonjwa huu unaonekana mapema.

---

Mgosi_wa_Jersey

Habari za huku wakuu. Mimi niko New Jersey, na hesabu za huku ni tofauti na za Texas. Magazini mwisho risasi kumi tangu 2018, na kila bastola ya mkononi unayonunua inadai kibali chake. Kwa hiyo hiyo Glock ya 17 kwangu ni ya kumi. Nane dhidi ya kumi si kitu cha kunifanya niikimbie rivolva.

Na swali langu: nimeiona Korth NXS, ya Kijerumani, risasi nane, inaingizwa na Nighthawk wa Arkansas. Bei yake inavuka dola 4,000. Je, kuna mtu anaweza kunishawishi?

---

ShabahaHouston

@Mgosi_wa_Jersey mkuu, hoja yako ya kumi ni nzito na nimeipokea. Kwenye majimbo yenye kikomo, rivolva ya nane inapata heshima yake.

Korth nimewahi kuipiga uwanjani, ya mwanachama mwenzetu. Zinatengenezwa Lollar, Ujerumani. Niseme kilichomo mle, wewe uamue. Silinda inatoka kwa kubonyeza kitufe, bila bisibisi, na wanauza silinda ya pili ya 9mm ya kuingia kwenye bastola ile ile. Ndani ya triga kuna kigurudumu kidogo kinachobadilishwa, na ukibadilisha ukubwa wake hisia ya mvuto inabadilika: unaweza kuwa na triga inayokwenda moja kwa moja, au inayosimama kidogo kabla ya kufyatua ili uhakikishe shabaha. Smith hana kitu hicho. Chuma kimefanyiwa kazi kiasi kwamba ukiifunga silinda husikii mgongano, unasikia tu imefika. Kidole changu kiliijua tofauti kwenye mvuto wa kwanza.

Lakini karatasi ya shabaha haikuijua. Kwa mita 15, mashimo yangu ya Korth na ya 686 yangu iliyopitishwa kwa fundi wa hapa yalikaa ukubwa mmoja. Fundi huyo alisugua sehemu zinazogusana na kubadilisha springi, na gharama yake haikufika hata sehemu ya kumi ya Korth. Kwa hiyo nakuambia hivi: Korth ni kazi ya mikono iliyokamilika, na mtu mwenye uwezo akiinunua kwa sababu anaipenda kazi hiyo, hajatapeliwa. Akiinunua ili apige vizuri zaidi, pesa hiyo ina njia nyingine nyingi.

Onyo kwenye suala la springi. Wapenzi wa mashindano wanazilegeza mpaka triga inashuka chini ya kilo tatu, halafu wanalazimika kutumia risasi zenye fataki (kiwashio cha nyuma ya risasi) laini, mara nyingi za Federal, la sivyo nyundo inagonga na risasi haitoki. Kwa uwanjani ni sawa. Bastola ya kulinda nyumba msiiguse springi ya nyundo. Mwambieni fundi asugue tu.

---

Mbagala_Kwetu

Nawasoma kutoka Dar kwa hamu kubwa. Je, ndugu aliyeko huko anaweza kuninunulia moja halafu akija likizo aje nayo?

---

ShabahaHouston

@Mbagala_Kwetu ndugu yangu, hapana, na naomba hili lisomwe na kila mtu.

Anayenunua dukani hapa anajaza fomu ya serikali inayoitwa 4473, na swali la kwanza kabisa pale ni kama bastola hiyo ni yake mwenyewe. Kumnunulia mwingine kwa kujificha nyuma ya jina lako ni kosa la jinai la serikali kuu, na tangu sheria ya 2022 kifungo kinaweza kufika miaka 15. Kwa sisi wageni inaongezeka kufukuzwa nchini. Kuisafirisha bila leseni ni kosa jingine hapa, na kushuka nayo Julius Nyerere bila kibali ni kosa la tatu, chini ya sheria ya silaha ya Tanzania ya 2015. Ukitaka bastola ukiwa Dar, njia ni polisi na kibali cha huko huko.

Na vijana mlioko hapa kwa viza ya masomo au ya kutembea: kwa kawaida sheria ya serikali kuu hairuhusu mtu wa viza hizo kununua wala kumiliki, kuna misamaha michache kama leseni ya uwindaji, na hiyo muulizeni wakili, msiulize muuzaji. Mwenye green card anaruhusiwa kama hana kizuizi kingine. Bangi nayo ni kizuizi kwa fomu ile, hata kama jimbo lako limeihalalisha.

---

MzeeWaColumbus

Marahaba mwanangu ShabahaHouston, na hili la mwisho umelisema kama mzazi. Nimefikiria pia hoja yako ya Glock. Ni kweli inaelekea huko. Lakini bado namwambia kijana, kama triga ya 627 atakayoishika ni nzuri na ile ya 686 ni mbaya, asione aibu kulipa.

---

ShabahaHouston

Hapo mzee tuko pamoja kabisa. Tena inatokea. Nimeshashika 686 zenye triga laini kuliko 627 iliyokuwa kwenye kabati lile lile.

---

KijanaWaKaty

Wakubwa shikamooni. Mimi ndiye mwenye dola 1,400.

Nimetoka dukani sasa hivi. Nilifanya kama mlivyoeleza. Kidole kinafika vizuri kwenye fremu ya L, kwenye N kinafika ila mkono unajizungusha kidogo kama alivyosema dada. Triga ya 627 ni tamu zaidi, sikatai, lakini mashindano sina mpango nayo mwaka huu. Nimeamua 686 Plus, mtutu wa inchi nne. Tatizo: kwenye ile niliyoonyeshwa, chemba sita zilifunga vizuri kabla ya nyundo kufika, moja ilichelewa. Nimerudia, ni ile ile. Muuzaji anasema ni mpya, italainika yenyewe nikishaipiga. Na ananipunguzia dola 40.

---

Kisumu_Dallas

Isilainike kwenye mkono wako, kijana. Kuchelewa kufunga huwa kunaongezeka kadiri unavyoipiga, hakupungui.

---

ShabahaHouston

@KijanaWaKaty marahaba. Usiichukue hiyo hata akipunguza 200. Mwombe alete nyingine ya modeli hiyo hiyo kutoka stoo, uipime chemba zote saba upya, pamoja na upenyo wa mtutu. Fila geji ninayo, Jumamosi niko huru kuanzia saa nne asubuhi, nitumie anwani ya duka nikukute hapo. Akisema hana nyingine, tutakwenda duka lingine siku hiyo hiyo. Na hizo risasi za .38 usinunue kwake, bei niliyoiona mtandaoni kwa sanduku la elfu moja iko chini, tutagawana.